Siku Sita Kando ya Mto Potomac: Cumberland hadi Georgetown kwa Baiskeli

Kutoka Cumberland, Maryland, hadi Georgetown ndani ya jiji la Washington ni maili 184.5, yaani kilomita 297, na mwendesha baiskeli hukutana na magari pale tu njia inapokatiza barabara. Njia hii haikutengenezwa kwa ajili ya baiskeli. Ni tuta la mfereji wa Chesapeake na Ohio, ambalo nyumbu walipita wakivuta kwa kamba mashua zilizosheheni makaa ya mawe. Mfereji ulianza kuchimbwa tarehe 4 Julai 1828, ukakusudiwa kufika mto Ohio, lakini reli iliutangulia kufika Cumberland mwaka 1842. Wachimbaji walipofika hapo mwaka 1850 hawakuendelea tena. Mafuriko ya mwaka 1924 yaliufunga kabisa, na tangu 1971 eneo lote ni hifadhi ya taifa ya kihistoria.

Hapa hakuna mlima wa kupanda. Tofauti ya kimo kati ya Cumberland na Georgetown ni mita 184 tu. Kinachomchosha mtu ni udongo ukilowa. Mfereji ulijengwa ili ushike maji, kwa hiyo udongo wa mfinyanzi ulishindiliwa chini na kandokando usivuje hata tone. Udongo wa namna hiyo haunywi maji ya mvua, na miti imefunga kivuli juu yake, kwa hiyo dimbwi la mvua ya Jumatatu bado lipo Alhamisi. Sehemu nyingi zimemwagwa upya changarawe laini ya mawe ya chokaa na hukauka vizuri, ila hazijaungana zote. Ukipanga mwendo, hesabu kilomita 16 kwa saa pakavu na 10 kwa saa penye tope, mapumziko mbali. Kikomo cha mwendo hifadhini ni maili 15 kwa saa, kama kilomita 24, na kwa mizigo hutakikaribia mara nyingi.

Kabla ya kuondoka

Tairi ziwe za upana wa milimita 40 hadi 45. Za 35 zinapita pakavu, lakini kwenye tope la Paw Paw zitakata mfereji mdogo na kuzama humo. Kwa mtu wa kilo 75 mwenye mizigo ya kilo 12, tairi ya milimita 42 yenye tyubu anzia psi (kipimo cha shinikizo la hewa) 42 nyuma na 36 mbele. Isiyo na tyubu, shusha hadi 36 na 31. Watu wengi hujaza kupita kiasi kwa kuogopa pancha. Tairi ngumu hurukaruka juu ya mizizi, na kila mruko unalegeza boliti za keria.

Kuhusu madigadi, msimamo wetu ni huu: ama yawe na nafasi ya milimita 15 juu ya tairi, ama yasiwepo kabisa. Nafasi ya milimita 5 ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu tope lililochanganyika na majani hujazana humo, gurudumu linakwama, na waya unaoshika madigadi unapinda au kuingia kwenye spoku.

Vifaa vya chini kabisa ni hivi: tyubu mbili, viraka, pampu, vijiti vya kubandulia tairi, kikata cheni pamoja na kiungo cha haraka kimoja au viwili vinavyolingana na cheni yako, kishikio cha ziada cha gia ya nyuma (kila fremu ina chake, usinunue cha kubahatisha), jozi moja ya pedi za breki, funguo za pembe sita za milimita 4, 5 na 6, boliti nne za M5, na vifungo vya plastiki kumi. Maji lita tatu. Mfuko wa takataka pia ni wa lazima, maana hifadhi haiweki mapipa na kila ulichoingia nacho unatoka nacho.

Wakati mzuri ni kuanzia mwisho wa Aprili hadi katikati ya Juni, kisha Oktoba. Julai na Agosti kuna joto la unyevunyevu na mbu wengi. Oktoba hewa ni safi, ila majani yaliyoanguka hufunika mizizi na mashimo, kwa hiyo mwendo unapungua hata pakiwa pakavu. Siku mbili kabla ya kuanza, angalia tangazo la hifadhi kuhusu sehemu zilizofungwa. Potomac ukifurika hubomoa tuta, na ukarabati unaweza kuchukua miezi.

Treni ya Amtrak inayounganisha Washington na Chicago husimama Cumberland mara moja kwa siku kila upande na hubeba baiskeli bila kuifungua. Nafasi ni chache, kwa hiyo wekesha mapema, na uvue mabegi yote kabla treni haijasimama.

Siku ya 1: Cumberland hadi Paw Paw, nguzo ya 184.5 hadi 156, kilomita 46

Mwanzo ni kwenye bwawa la zamani la mashua, karibu na stesheni ya reli ya Western Maryland, pale pale inapoishia njia nyingine ya changarawe itokayo Pittsburgh. Nguzo za maili zinahesabiwa kutoka Georgetown, kwa hiyo namba zinapungua kadiri unavyosonga. Jizoeze kusoma maili tangu asubuhi hii, kwa sababu kambi, pampu na vivuko vyote hutajwa kwa namba hizo. Safari nzima mto uko mkono wa kulia na mfereji mkono wa kushoto. Ukiona kinyume, umegeuka.

Karibu na nguzo ya 175 yanaanza malango ya maji, namba 75 hadi 72, yakifuatana. Kila lango ni chumba cha mawe chenye milango mizito ncha zote mbili. Mashua iliingia, milango ikafungwa, maji yakapunguzwa, na mashua ikashuka kama mita 2.4. Yako malango 74 ya namna hii, na ndiyo yanayobeba mteremko wote wa safari. Kati ya lango na lango njia ni tambarare kabisa. Kwenye lango kuna kiteremko kifupi cha mita chache, kisha utambarare tena. Viteremko hivi ni vitamu, lakini maji ya mvua hukimbilia humo humo, kwa hiyo changarawe imechimbika na mawe yamejitokeza. Acha kukanyaga, simama juu ya pedali, peleka uzito nyuma.

Utambarare nao una adha yake. Hakuna mahali baiskeli inajiendea yenyewe, kwa hiyo miguu inakanyaga saa zote na makalio hayanyanyuki kwenye kiti. Kila kilomita 2 simama juu ya pedali kwa hesabu ya ishirini hata kama huoni haja. Ganzi ya vidole huanza siku hii na huonekana siku ya tatu.

Kambi za bure zimetawanyika njia nzima, nyingi zikiwa umbali wa kilomita 8 hadi 15 kutoka moja hadi nyingine. Kila moja ina choo, meza, mahali pa moto na pampu ya mkono. Huwekeshi nafasi, anayewahi ndiye anayepata, na hulali usiku wa pili katika kambi ile ile ndani ya safari moja. Pampu hufanya kazi takriban kuanzia katikati ya Aprili hadi katikati ya Novemba. Mpini huhitaji kupigwa mara kumi hadi thelathini kabla maji hayajatoka. Endelea kidogo mpaka yale ya kwanza yenye kutu yapite. Maji hutiwa iodini, kwa hiyo yana ladha na rangi hafifu, na mwenye matatizo ya tezi ya shingo abebe ya kwake. Pampu iliyovuliwa mpini maana yake maji yake yamekataliwa kwenye vipimo, usiihangaikie. Kwa sababu hiyo tunajaza chupa kila pampu inayofanya kazi, hata zikiwa nusu. Chujio la mkononi ni akiba nzuri kwa vijito, lakini si kwa mto wenyewe, kwani Potomac hupokea maji ya mashambani na chujio haliondoi mbolea wala dawa za wadudu.

Baada ya Oldtown, nguzo ya 166.7, njia inaingia msituni na tope huanza kuonekana hata wiki isiyo na mvua nyingi. Ni michirizi miwili ya magurudumu ya gari la walinzi, katikati majani. Kwenye dimbwi pita katikati yake, polepole, gia nyepesi, bila kufunga breki. Kukwepa kwa pembeni kuna hasara mbili: ukingo ni laini na una mizizi ya kuteleza, na kila anayekwepa hulipanua dimbwi kwa anayekuja nyuma. Usiloliona kina, shuka usukume.

Kambi ya Purslane Run iko nguzo ya 157.4, na daraja la kwenda mji mdogo wa Paw Paw, ulioko West Virginia ng'ambo ya mto, liko kama kilomita 2 mbele yake. Lala Purslane Run, au vuka ukanunue mahitaji kwanza, maana kesho hadi jioni maduka ni ya kubahatisha.

Siku ya 2: Paw Paw hadi Hancock, nguzo ya 156 hadi 124, kilomita 52

Chini ya kilomita moja kutoka darajani unafika kwenye handaki la Paw Paw. Lina urefu wa mita 950, limejengewa kwa matofali, na kazi yake ilianza 1836 na kwisha 1850. Lilipasua mlima ili mfereji usifuate vipinda virefu vya mto. Ndani hakuna taa. Njia ni nyembamba, upande mmoja ukuta unaochuruzika maji, upande wa pili ukingo wa mbao na chini yake mfereji. Baiskeli husukumwa tu. Taa ya usukani haitoshi, kwa sababu unaposukuma inayumba na kumulika ukuta. Vaa taa ya kichwani, elekeza mwanga mita tatu mbele ya miguu, kwenye mashimo na vidimbwi. Mabegi mapana ya nyuma hukwaruza, kwa hiyo sogea taratibu na uipishe miguu yako isigongwe na pedali. Ukikutana na watu, mwenye mzigo mkubwa asimame na wengine wapite. Robo saa inatosha. Gusa ukingo wa mbao unapopita katikati: una michubuko mirefu iliyochimbwa na kamba za mashua, na hakuna mahali pengine njiani ambapo kazi ya nyumbu inaonekana kwa kidole namna hiyo.

Baada ya handaki unapita kwenye genge la mawe yanayoporomoka mara kwa mara. Usipumzikie hapo. Kisha yanakuja malango yenye namba za ajabu: 66, 64⅔, 63⅓. Lango namba 65 halikujengwa, na mawili yaliyo chini yake yakapewa namba zenye sehemu ili hesabu ya yaliyo juu yake isivurugike.

Kutoka hapa hadi Little Orleans, nguzo ya 141, ni kilomita 23 za upweke, na simu mara nyingi haishiki mtandao. Hapa ndipo baiskeli nyingi huharibikia, na chanzo mara nyingi ni fimbo. Tawi kavu lililoko njiani hupigwa na gurudumu la mbele, linasimama wima, linaingia kwenye spoku za nyuma, kisha linavutwa kwenye gia. Mtu anayeendelea kukanyaga huivuta gia ya nyuma mpaka ndani ya gurudumu, kishikio kinakatika, na wakati mwingine spoku tatu huenda nayo. Kwa hiyo ukisikia kelele ya ukuni kwenye gurudumu, acha kukanyaga papo hapo, breki, shuka, rudisha baiskeli nyuma hatua moja, utoe fimbo kwa mkono.

Kishikio kikipinda kidogo tu, gia hurukaruka na kwenye gia nyepesi kabisa mkono wake hugusa spoku. Jifungie usitumie meno mawili makubwa ya nyuma (jino hapa ni duara zima la chuma linaloshika cheni), na utafika Hancock. Kikivunjika na huna cha akiba, igeuze baiskeli iwe ya gia moja: toa gia ya nyuma, chagua jino la nyuma la katikati linalokaa mstari mmoja na jino la mbele, zungusha cheni hapo, kata viungo vilivyozidi na uunge kwa kiungo cha haraka. Cheni ikae imekaza, ichezecheze sentimita moja juu na chini. Ikilegea zaidi ya hapo itaruka jino na kuanguka, ikikaza sana itapanda jino kubwa zaidi na kujifunga. Kwenye njia tambarare kama hii gia moja inatosha kilomita mia, na ndiyo faraja ya kuharibikiwa hapa badala ya milimani.

Little Orleans ndipo unapofanya uamuzi. Njia ya lami ya Western Maryland Rail Trail, iliyojengwa juu ya reli ya zamani, huanzia hapa na kuandamana na mfereji kwa takriban maili 28, ikimalizikia karibu na Big Pool. Ina pengo moja, pale inapokwepa handaki la Indigo lililoachiwa popo, na hapo unarudi kwenye tuta la mfereji. Kama siku mbili zimekuwa kavu, baki kwenye tuta: malango, bwawa la nguzo ya 134 na mabaki ya kiwanda cha saruji cha Round Top vyote viko huko. Kama mvua imenyesha, panda lami bila kujuta. Saa moja ya lami baada ya saa tano za tope huokoa magoti, na huokoa pedi za breki pia.

Hancock iko nguzo ya 124. Ni mahali pembamba kuliko pote pa Maryland, chini ya kilomita 4 kutoka mto hadi mpaka wa Pennsylvania. Kuna maduka na sehemu za kulala kando kabisa ya njia.

Siku ya 3: Hancock hadi Williamsport, nguzo ya 124 hadi 100, kilomita 39

Siku fupi kwa makusudi. Kilomita 18 za kwanza zinakupeleka Big Pool, ziwa refu ambalo mfereji ulilitumia kama sehemu yake, na kando yake ngome ya mawe ya Fort Frederick iliyoanza kujengwa 1756. Mbele, karibu na nguzo ya 109, ni Four Locks: malango manne kwa mfululizo yanayokatiza shingo ya kipinda cha mto. Kisha bwawa namba 5, na unaingia Williamsport mchana.

Mchana huo ni wa matengenezo, na sisi tunausisitiza kuliko kitu kingine chochote katika ratiba hii. Vumbi la mawe ya chokaa likichanganyika na mafuta ya cheni hugeuka dawa ya kusagia chuma. Osha kwa maji ya chupa bila kupuliza kwa nguvu kwenye ekseli na kikombe cha pedali, kwani maji ya nguvu husukuma mchanga upite mihuri ya mpira. Futa cheni kwa kitambaa kikavu mpaka kitambaa kisichafuke sana, dondosha tone moja la mafuta kwenye kila kiungo kwa upande wa ndani, zungusha pedali nyuma dakika moja, kisha futa tena. Hatua ya kufuta mara ya pili ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayozuia vumbi la kesho lisinate.

Pedi za breki za diski zitoe uzitazame. Zikibaki unene wa nusu milimita bila kuhesabu bamba la chuma, badilisha. Tope la mawe hula pedi laini za utomvu haraka mno, hivyo kwa safari hii bora zile zilizotengenezwa kwa unga wa metali, hata kama zina kelele zikilowa. Halafu kaza boliti za keria zote. Za chini, karibu na ekseli, ndizo hulegea kwanza kwa sababu zinabeba uzito wote na mtetemo wote. Kama hukuzipaka nyumbani gundi ya kuzuia nyuzi za boliti zisilegee, zungushia kifungo cha plastiki kati ya keria na fremu, ili boliti ikidondoka mzigo usiangukie gurudumu. Mwisho bonyeza spoku za nyuma mbili mbili kwa vidole. Iliyolegea kuliko wenzake, hasa upande wa gia, itakatika kabla ya Washington ukiiacha.

Daraja la maji la Conococheague liko hapo hapo mjini, nguzo ya 99.8. Mwaka 1920 mashua iligonga ukuta wake na kuubomoa, ikaangukia kijitoni. Tangu 2019 limejazwa maji tena na kuonyesha jinsi mfereji ulivyopita juu ya kijito.

Siku ya 4: Williamsport hadi Harpers Ferry, nguzo ya 100 hadi 60.7, kilomita 63

Siku ndefu kuliko zote, ila uso wa njia ni mzuri. Kuanzia McMahon's Mill, nguzo ya 88, mfereji unakoma na majabali yanashuka hadi majini. Wajenzi walishindwa kuchimba hapo, mashua zikapita ndani ya mto wenyewe nyuma ya bwawa namba 4, na nyumbu wakapita ukingoni. Kipande hiki, Big Slackwater, kilikuwa kimeharibika kwa miaka hadi kilipojengwa upya kwa zege na kufunguliwa 2012. Zege ni laini na maji yako mkono wako wa kulia, karibu sana. Nenda kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole, piga kengele kwenye kila kona, na likiwa na umande usikate kona kali.

Eneo hili na la mbele yake lina miti yenye miiba mirefu, na miiba huanguka njiani. Mwiba ukiingia kwenye tairi isiyo na tyubu, usiung'oe haraka. Zungusha gurudumu tundu liwe chini, maji ya kuziba matundu yaliyomo ndani ya tairi yakusanyike hapo, ndipo uvute mwiba na uzungushe taratibu. Tundu la hadi milimita 3 huziba lenyewe kama mililita 50 au 60 za maji ya kuziba zilikuwepo na hazijakauka, na hukauka ndani ya miezi michache tu. Kwenye tyubu, kabla ya kuweka mpya, pitisha kitambaa ndani ya tairi pande zote. Ncha ya mwiba iliyovunjikia ndani haionekani kwa macho, na ndiyo inayotoboa tyubu ya pili baada ya kilomita mbili.

Shepherdstown iko ng'ambo, nguzo ya 72.8, kwa mwenye haja ya chakula. Daraja la maji la Antietam liko nguzo ya 69.4, na uwanja wa pigano la tarehe 17 Septemba 1862, la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, uko kilomita chache bara, kwa barabara ya lami yenye magari na vilima. Ukitaka kuuona, tenga nusu siku nzima. Usijaribu kuubana ndani ya siku hii.

Harpers Ferry iko West Virginia, na njia ya kufika ni daraja la reli lenye ujia wa miguu. Kulipanda ni kwa ngazi ya chuma inayojizungusha. Vua mabegi chini, panda nayo kwanza, rudi uchukue baiskeli begani, gurudumu la mbele likitangulia juu. Anayejaribu kubeba vyote kwa pamoja hukwama kwenye kona ya pili ya ngazi na kuwafungia wengine njia. Asiyetaka ngazi, kambi ya Huckleberry Hill iko nguzo ya 62.9, kabla ya daraja.

Siku ya 5: Harpers Ferry hadi Turtle Run, nguzo ya 60.7 hadi 34.4, kilomita 42

Karibu maili tatu za kwanza unashiriki njia na wasafiri wa miguu wa Appalachian Trail, wenye mizigo mikubwa na masikio yaliyochoka. Kengele peke yake haitoshi, toa sauti pia, pita kushoto kwao. Brunswick, nguzo ya 55, ina stesheni ya treni na maduka. Point of Rocks, nguzo ya 48, ni mahali pengine pa kupata chakula bila kuacha njia mbali.

Daraja la maji la Catoctin liliporomoka 1973 na kujengwa upya 2011. Lakini lililo kubwa kuliko yote 11 ya mfereji huu ni Monocacy, nguzo ya 42.2: matao saba, mita 157, lilikamilika 1833. Juu ya madaraja haya ya maji baiskeli husukumwa, si kuendeshwa. Ukingo ni mfupi na mawe yana mianya inayoweza kumeza tairi nyembamba.

Majani ni marefu kandokando ya kambi za upande huu na kupe wapo. Wale wadogo wenye miguu myeusi hueneza ugonjwa wa Lyme, na kwa kawaida wanahitaji zaidi ya siku moja wakiwa wameng'ata ndipo waambukize. Kujikagua kila jioni basi ndiyo kinga yenyewe: nyuma ya magoti, kinena, kwapa, mstari wa soksi, nyuma ya masikio. Mng'oe kwa koleo dogo karibu na ngozi, moja kwa moja, bila kumpaka mafuta wala kumchoma. Kuna pia mmea mtambazi wenye majani matatu matatu unaowasha kuliko upupu, na mafuta yake hukaa kwenye kamba za hema na mishikio ya baiskeli. Usiegemeze baiskeli kwenye shina lenye mizizi ya nywelenywele.

Kambi ya Turtle Run, nguzo ya 34.4, ndiyo tunayoipendekeza. Kuna Swains Lock mbele, nguzo ya 16.6, lakini kwa kuwa ndiyo kambi ya bure iliyo karibu zaidi na jiji, hujaa mapema wikendi.

Siku ya 6: Turtle Run hadi Georgetown, nguzo ya 34.4 hadi 0, kilomita 55

Ondoka alfajiri. Sababu ni watu: kuanzia Great Falls hadi mjini, Jumamosi ya jua huwa imejaa watoto, mbwa na wakimbiaji, na baiskeli yenye mizigo haina nafasi ya kukwepa. Seneca, nguzo ya 22.8, ina daraja la maji ambalo pia ni lango, la pekee la namna hiyo katika mfereji wote. Great Falls iko nguzo ya 14.3. Maporomoko yenyewe hutazamwa kwa miguu kupitia madaraja ya Olmsted Island, ambako baiskeli hairuhusiwi, kwa hiyo beba kufuli.

Chini ya hapo malango namba 20 hadi 15 yanafuatana, kisha Widewater, mahali mawe yalipoinua vichwa. Mwenye tairi za milimita 35 ashuke. Karibu na nguzo ya 9 kuna malango mengine saba katika maili moja na zaidi kidogo, na huo ndio mteremko mrefu kuliko wote wa safari. Breki kidogo kidogo, macho mbele.

Kuanzia Fletchers Cove, nguzo ya 3, njia ya lami ya Capital Crescent inaandamana na tuta hadi Georgetown. Tuta ni zuri mpaka linapoingia kati ya majengo, ambapo linakuwa jembamba, lenye matofali na vivuko vya barabara. Mwenye mabegi mapana achukue lami tangu Fletchers Cove.

Lakini lami huishia kando ya mto, nayo nguzo ya sifuri haipo hapo. Endelea na ukingo wa mto kuelekea mashariki hadi mdomo wa kijito cha Rock Creek, pita nyuma ya jengo la mashua la Thompson, na utaikuta nguzo kwenye lango la mwisho, pale mfereji ulipomwagikia Potomac. Wengi humalizia kwenye lango namba 1, kama nusu kilomita kabla ya hapo, wakidhani wamefika.